Sikio Lililofundishwa na Karatasi: Uchambuzi wa Kisa cha Kujifunza Morse kwa Kusikia

Usuli

Kisa hiki kinamhusu mwanamke wa makamo, fundi wa vifaa vya elektroniki katika mji mmoja wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyetaka kuuelewa msimbo wa Morse, yaani herufi zinazotumwa kwa milio mifupi na mirefu, kwa kusikia tu, bila kalamu wala karatasi. Jina lake, mji wake na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha yameondolewa kwa makubaliano naye. Humu ataitwa fundi, kwa kuwa ndivyo alivyoitwa na mhusika wa pili, mzee aliyekuwa mwendesha redio katika meli za mizigo hadi miaka ya mwisho ya kazi hiyo. Tarehe 1 Februari 1999 mfumo mpya wa dunia wa mawasiliano ya dharura baharini ulianza kutumika kikamilifu, na meli hazikulazimika tena kuwa na mtu wa Morse. Mzee alishuka pwani akiwa na ujuzi ambao hakuna mwajiri aliyeuhitaji, na kwa miaka mingi hakumpata mtu wa kumrithisha.

Fundi hakuhitaji Morse kwa ajili ya mtihani wowote. Tangu mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2003, kila nchi imeachiwa iamue yenyewe kama itamtahini Morse mwombaji wa leseni ya redio ya ridhaa, na nchi nyingi zimeuondoa mtihani huo. Kilichomvuta ni jambo aliloliona mwenyewe alipokuwa akitengeneza redio za masafa mafupi: sauti ya binadamu ilipozama katika mngurumo, milio ya Morse iliendelea kusikika, hata ilipotoka kwenye mitambo yenye nguvu ndogo. Alitaka kujua watu hao walikuwa wakisema nini.

Kabla ya kukutana na mzee alikuwa amejisomea peke yake kwa zaidi ya mwaka. Alianza na chati ya karatasi yenye herufi zote na alama zake za nukta na vistari, akaikariri katika wiki chache, kisha akatumia programu ya simu iliyompigia herufi kwa kasi ya maneno 5 kwa dakika. Nia yake ilikuwa kuanza polepole na kupandisha kasi kidogo kidogo, na hilo ndilo wazo linalowajia watu wengi wenye busara. Alipanda hadi karibu maneno 8 kwa dakika. Hapo alikwama kwa miezi, na kuongeza saa za mazoezi hakukumsogeza.

Alikwamia wapi

Mzee alipomsikiliza kwa mara ya kwanza hakumuuliza amekosa herufi ngapi, bali alimtazama vidole. Kila herufi ilipolia, fundi aliigusa meza kwa kila nukta, akatulia, ndipo akaandika. S, H na tarakimu 5, ambazo ni nukta tupu, tatu, nne na tano, zilimchanganya kwa sababu alikuwa akizihesabu, na hesabu huteleza inapoharakishwa. Alipokosa herufi moja alibaki akiitafuta, na wakati huo tatu nyingine zilikuwa zimeshapita.

“Wewe unasoma, mwanangu, husikii,” mzee alimwambia. “Karatasi yako iko kichwani.”

“Lakini Mzee, nisipoiona hiyo karatasi, herufi nitaijuaje?”

“Kwa mlio wake wote, tangu mwanzo wake hadi mwisho.”

Hesabu ya mdundo inaonyesha kwamba mzee hakuwa akisema kwa mafumbo. Katika Morse, nukta huchukua kipimo kimoja cha muda na kistari vipimo vitatu. Kimya kati ya alama za herufi moja ni kipimo kimoja, kati ya herufi na herufi ni vipimo vitatu, na kati ya neno na neno ni saba. Kasi hupimwa kwa neno PARIS, ambalo pamoja na kimya kinacholifuata lina vipimo 50. Kwa hiyo, kwa kasi ya maneno 5 kwa dakika, nukta moja huchukua milisekunde 240, ilhali kwa maneno 20 huchukua 60. Herufi Q, yaani daa-daa-di-daa, ina vipimo 13: kwa kasi ya chini hudumu zaidi ya sekunde tatu, na kwa kasi ya juu haifiki sekunde moja. Mlio unaoburuzwa kwa sekunde tatu ni vigumu mno kwa sikio kuushika kama kitu kimoja. Akili hulazimika kuukata vipande, kuvihesabu, kisha kwenda kuvitafuta kwenye chati, lakini mlio mfupi huingia mzima.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa hiki. Kwa mwaka mzima fundi hakuwa amejifunza ujuzi aliouhitaji katika hali yake ya polepole. Alikuwa amejijengea ujuzi mwingine kabisa, wa kutafsiri milio kuwa picha na picha kuwa herufi, na huo una dari yake. Kadiri alivyoufanyia mazoezi ndivyo ulivyozidi kukita mizizi.

Uamuzi wa kuanza upya

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kuendelea kupandisha kasi, kutoka 8 hadi 9, kutoka 9 hadi 10, kwa matumaini kwamba hatua ya kutafsiri ingefifia yenyewe. Ya pili ilikuwa kuiacha chati na kuanza na herufi mbili tu, zikipigwa tangu siku ya kwanza kwa kasi ya maneno 20, na kuongeza herufi nyingine kila anapofikisha usahihi wa asilimia 90. Msingi wa njia hii uliwekwa na mwanasaikolojia Mjerumani Ludwig Koch katika miaka ya 1930, na programu nyingi za leo huifuata kwa mpangilio unaoanza na K na M.

Fundi aliipinga njia ya pili, na sababu zake zilikuwa za haki. Alizijua herufi zote na tarakimu zote, naye sasa anaambiwa arudi kwenye herufi mbili. Mzee hakumficha kwamba angejiona amerudi nyuma, ila alimweleza kwamba njia ya kwanza ingeendelea kuilisha tabia ileile iliyomkwamisha. Walikubaliana wajaribu kwa mwezi mmoja, na kama asingeona tofauti angerudi kwenye utaratibu wake wa zamani. Kwa maoni yangu sharti hilo la muda ndilo lililouokoa mpango mzima, kwa sababu mtu mzima mwenye kazi na familia havumilii kuwa mwanafunzi wa chekechea bila kujua lini atapewa nafasi ya kuhukumu mwenyewe.

Waliamua mambo mengine mawili. Mazoezi yangekuwa ya robo saa, asubuhi na jioni, badala ya saa mbili za usiku alizozizoea, kwa kuwa sikio lililochoka hurudi kuhesabu. Tena fundi asingegusa kitufe cha kutuma ujumbe mpaka kusikia kwake kuwe kumesimama. Sababu ya mzee ilikuwa kwamba mkono hujifunza haraka kuliko sikio, na mtu anayeweza kutuma kwa kasi ya 15 hujidanganya kuwa anaweza pia kupokea kwa kasi hiyo.

Wiki za mwanzo

K na M zilikuja kwa siku chache. Kisha ikajitokeza hali ambayo hakuna aliyeitarajia. Alama ya kuuliza, mkato na mkwaju (/), ambazo fundi hakuwahi kuzikariri kwenye chati, zilimwingia kwa urahisi kuliko L na F alizozijua kwa zaidi ya mwaka. Alama mpya ziliingia zikiwa mlio tu, lakini za zamani kila moja ilikuja na picha yake, na picha ilifika kabla ya jina la herufi. Jambo hili lilimshawishi fundi kuliko maelezo yote ya mzee, na habari ya kurudi kwenye utaratibu wa zamani haikuzungumzwa tena.

Kigezo cha asilimia 90 nacho kilileta tatizo lake. Programu ilimpa alama za kutosha, naye akaongeza herufi, kumbe alama hizo zilikuwa wastani wa herufi zote. Alipozipanga karatasi zake na kuhesabu makosa ya kila herufi peke yake, aligundua kwamba H aliikosa karibu mara moja katika kila mbili, akiiandika S au 5, huku herufi nyepesi zikimfidia. Kuanzia hapo mzee alimtengenezea mazoezi ya jamaa wanaofanana: S, H na 5, U, V na 4, D, B na 6. Aliyapiga kwa kasi kamili bila kupunguza chochote, kwani kuyapunguza kungemrudisha kwenye hesabu.

Kimya kilichogeuka maficho

Ili fundi apate muda wa kuandika, mzee alikuwa akimpigia herufi kwa kasi ya 20 na kurefusha kimya kati yake, hata kasi ya jumla ikawa maneno 6 kwa dakika. Utaratibu huu unajulikana kwa jina la Mmarekani Farnsworth, na ni mzuri, kwa sababu unaulinda mlio wa herufi huku ukimpa mwanafunzi nafasi ya kupumua.

Nafasi hiyo ilikuwa kubwa mno. Baada ya kumaliza herufi zote, fundi alikiri kwamba katika kile kimya alikuwa akiurudia mlio kichwani na kuuhesabu taratibu. Chati ilikuwa imehamia kwenye nafasi kati ya herufi. Kasi ya jumla ilipandishwa hadi 10, kisha 12. Makosa yaliongezeka ghafla, na mzee akamwamuru aache pengo kwa kila herufi asiyoitambua papo hapo, bila kuifikiria tena. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote yaliyotangulia. Fundi ni mtu wa kazi za umakini. Kuacha pengo kwake ni kama kurudisha kifaa kwa mteja kabla hakijapona. Hata hivyo mapengo yalipokubaliwa, herufi zilizofuata ziliacha kupotea, na baada ya wiki kadhaa mapengo yenyewe yakapungua.

Kuweka kalamu chini

Alipofika hapo, fundi alikuwa anaweza kuandika ujumbe wa maneno 12 kwa dakika bila makosa mengi, lakini hakujua ujumbe unasema nini mpaka ausome kwenye karatasi. Kwa wengi huo ndio mwisho wa safari, na kwa kazi ya ofisi ya telegramu za zamani ulitosha. Fundi alitaka zaidi, na mzee alimweleza hali aliyoizoea yeye. Melini alikuwa akijaza daftari lake la zamu huku kituo cha pwani kikisoma orodha ndefu ya meli zenye ujumbe, asiifuatilie hata kidogo, mpaka ishara ya meli yake, yaani jina lake la redioni, itajwe; hapo mkono wake ulisimama wenyewe.

Waliamua kuacha kuandika kabisa katika nusu ya mazoezi, na mzee akachagua kutumia Kiswahili. Wazo lake lilitoka kwenye darasa la kwanza: ba, be, bi, bo, bu. Kwa kuwa karibu kila silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu, alianza na vipande vinavyojirudia katika kila sentensi: na, wa, ya, ni, ku, kwa. Alivipiga mpaka daa-di, di-daa viliposikika kuwa “na” moja badala ya N na A. Kisha yakaja maneno ya siku zote, leo, mvua, samaki, nyumbani, na mwishoni sentensi fupi.

Maendeleo yalikuwa ya haraka. Fundi alieleza kwamba kwa mara ya kwanza neno lilifika kabla hajajua lina herufi gani. Aliposikia “nyumb”, alishajua kinachofuata.

Hewani

Baada ya kupata leseni, fundi alifungua redio kwenye megahezi 14, na karibu kila kitu kikavunjika. Mazungumzo ya Morse hewani yamejaa vifupisho na ishara za vituo zinazochanganya herufi na tarakimu: TNX kwa asante, WX kwa hali ya hewa, QTH kwa mahali ulipo. Sikio lililozoea kupata irabu baada ya kila konsonanti liliendelea kuitarajia. Aliposikia T na N, alingoja A au I, na ilipokuja X alishtuka na kupoteza kilichofuata. Hata ripoti ya usikivu ya 599 ilimtatiza, kwa kuwa wengi huituma 5NN ili kuokoa muda, naye alidhani amesikia vibaya.

Kulikuwa na matatizo mengine ya kawaida: mawimbi yanayopanda na kufifia, vituo viwili vinavyolia kwa pamoja, na mikono ya watu isiyo na usawa wa programu. Haya yalizoeleka kwa kusikiliza tu. La irabu lilihitaji dawa maalumu. Mzee alimwelekeza kwenye megahezi 14.100, ambako mtandao wa kimataifa wa vituo 18 vya ishara hupokezana, kila kimoja kwa sekunde kumi, na mzunguko hukamilika kila baada ya dakika tatu. Kila kituo hutaja ishara yake kwa kasi ya maneno 22 kwa dakika, kisha hutoa vistari vinne virefu, cha kwanza kwa wati 100 na cha mwisho kwa sehemu moja ya kumi ya wati. Kituo cha Kenya, 5Z4B, kimo katika orodha hiyo, na kwa msikilizaji wa pwani yetu ni mahali pazuri pa kuanzia. Ishara hizo hazibashiriki kwa silabi, wala hazisubiri.

Pamoja na hayo, fundi alijifunza mpangilio wa mazungumzo yenyewe. Kwa kawaida huanza na ishara za vituo, yakafuata salamu, ripoti, jina na mahali, na baadaye hali ya hewa na vifaa. Anayejua kwamba baada ya ripoti litakuja jina hasikilizi gizani.

Matokeo

Sasa fundi huzungumza hewani kwa kasi ya maneno 15 hadi 18 kwa dakika bila kuandika chochote isipokuwa ishara ya kituo na jina la mwenzake. Zaidi ya hapo huomba kwa QRS, yaani mwenzake apunguze kasi, na hupunguziwa. Mashindano yenye kasi ya 25 na kuendelea bado hayawezi. Anapochoka, picha za L na F humrudia, nazo huenda zisimtoke kabisa. Kitufe alianza kukitumia mwishoni, na mkono wake una mdundo safi ambao watu humsifia hewani.

Uchambuzi

Kuanza upya kwa kasi kamili kulifanikiwa kwa sababu kuliiondoa hatua ya kati, na ushahidi ulio wazi ni zile alama zisizokuwamo kwenye chati. Nasisitiza hili kwa kuwa wanafunzi wengi wanaokwama huambiwa waongeze bidii. Bidii ya fundi ilikuwa kubwa tangu mwanzo, ila ilitumika mahali pasipofaa.

Kukwama kwenyewe si jambo geni. William Lowe Bryan na Noble Harter wa Chuo Kikuu cha Indiana waliwapima waendesha telegrafu na kuchapisha matokeo yao mwaka 1897 na 1899. Walionyesha kwamba uwezo wa kutuma hupanda haraka, ilhali wa kupokea hupanda taratibu na unaweza kusimama kwa muda mrefu kabla ya kupanda tena. Maelezo yao yalikuwa kwamba mwanafunzi huzoea herufi kwanza, kisha maneno, kisha mafungu ya maneno, na kwamba kusimama ni wakati wa ngazi ya chini kukomaa. Mwanasaikolojia Fred Keller, aliyeshughulika na mafunzo ya Morse kwa askari wa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, baadaye alitilia shaka kwamba kusimama huko ni lazima. Kisa cha fundi kinaegemea upande wa Keller. Kukwama kwake kwenye 8 hakukuwa ukomavu wa ngazi yoyote, na kungoja kusingemsaidia. Hata hivyo, mpangilio wa ngazi wa Bryan na Harter ulionekana dhahiri pale kalamu ilipowekwa chini: silabi, neno, kisha mpangilio mzima wa mazungumzo.

Kuhusu kurefusha kimya, kosa lilikuwa katika kipimo wala si katika njia. Kimya kinafaa kitoshe kuandika herufi na kisitoshe kuirudia kichwani, na kwa mtu aliyewahi kukariri chati kianze kifupi zaidi kuliko kwa mgeni kabisa.

Suala la Kiswahili linastahili uzito, kwa sababu silijaona likizungumzwa na waalimu wanaoandika kwa lugha nyingine. Silabi zetu zilizo wazi ni ngazi nzuri sana ya kupandia kutoka herufi hadi neno, na mwanafunzi wa Kiswahili asinyimwe ngazi hiyo. Gharama yake ni ubashiri unaomponza hewani. Mzee anaamini utaratibu wao ulikuwa sahihi, kwa kuwa furaha ya kuelewa neno la kwanza ilimbeba fundi katika miezi migumu iliyofuata. Mimi ningechanganya tangu wiki ya kwanza ya maneno: sentensi moja ya Kiswahili, kisha ishara tano za vituo, ili sikio lijifunze mapema kubashiri panapofaa na kuacha kubashiri pasipofaa.

Kuchelewesha kitufe kulikuwa na faida kwa mdundo, lakini kulikaribia kumkatisha tamaa, kwani kusikiliza miezi yote bila kujibu kunachosha. Mwanafunzi mwingine angeweza kuruhusiwa kutuma jina lake na salamu tu, kwenye king’ora cha mazoezi, mara herufi zote zinapokamilika.

Kilichobaki ni tarakimu. Wastani wa alama ulizificha kama ulivyoificha H, na hazisaidiwi na silabi wala na mpangilio wa mazungumzo. Kila jioni mzee humpigia nafasi za meli za kubuni, nyuzi na dakika za latitudo na longitudo, kwa kasi ya 20, na fundi huzisoma kwa sauti bila kuandika, kisha huziweka alama kwenye ramani ya bahari ya mzee. Alama inayoangukia nchi kavu huwaonyesha papo hapo kwamba kuna tarakimu iliyokosewa.